Shajara ya mradi: Caudron inatua Maktau, kazi ikifanyika Mombasa

15 Machi 2025: Tunachotaka kuonyesha

Septemba mwaka huu inatimia miaka 110 tangu ndege za kijeshi za Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, zianze kuruka na kutua Maktau, kwenye njia ya kutoka Voi kwenda Taveta. Vijana wa huko wanaandaa kumbukumbu ya uwanja huo. Sisi, mafundi wachache wa Mombasa pamoja na wanafunzi wa ufundi na mwalimu wao wa fizikia, tumekubali kuleta jambo moja tu: mfano wa Caudron, mojawapo ya ndege hizo, ushuke mbele ya watu, uguse ardhi, usimame. Shajara hii naiandika ili kundi lolote litakalotaka kufanya kama sisi lisianze na mikono mitupu.

Kwa nini watu wa Mombasa? Anayetaka jibu na aende Fort Jesus akautazame mzinga wa Königsberg. Manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia kujificha kwenye delta ya Rufiji. Mikoko iliificha, na maji madogo yalizizuia manowari kubwa za Waingereza kuifuata. Ikabidi itafutwe kutoka juu. Rubani Dennis Cutler aliiona akiwa na ndege ya majini aina ya Curtiss, lakini kabla mwaka haujaisha alitua mtoni injini ikiwa imemgomea, akatekwa. Zikaja Sopwith mbili za majini. Joto na unyevu wa huku vikazishinda: gundi iliachia, na zikashindwa kupaa na mzigo wake. Juni 1915 ndipo zikafika kisiwani Mafia Caudron mbili na Henri Farman mbili, ndege za magurudumu zinazotua nchi kavu. Tarehe 11 Julai, rubani Cull na mtazamaji wake Arnold waliziongoza shabaha za Severn na Mersey, meli mbili za mizinga za Waingereza, kutoka angani mpaka ndege yao ilipopigwa na kuangukia majini, na Königsberg ikaishia siku hiyo hiyo. Mizinga yake kumi iliopolewa na Wajerumani, ikaenda kupigana bara. Mmoja wao ndio huo wa Fort Jesus.

Septemba ya mwaka huo huo Cull alikuwa Maktau na Caudron zake, akichungulia kambi za Wajerumani upande wa Taveta. Reli ya kijeshi kutoka Voi ilikuwa imeshafika hapo, ikiunganika na ile ya Mombasa. Hilo ndilo linalonivutia zaidi katika habari hii yote. Ndege za wakati ule zilisafiri kama mizigo, kwa meli na kwa treni, mabawa yakiwa yamefunguliwa. Kuruka lilikuwa jambo la saa moja au mbili, kisha lazima urudi kwenye kipande kile kile cha pori kilichofyekwa. Kutua ndiko kulikothibitisha kwamba mahali pamekuwa uwanja wa ndege.

Uamuzi wa leo: Caudron G.3 ya robo kipimo. Ile halisi ilikuwa na upana wa mabawa wa mita 13.4 na urefu wa mita 6.4, yetu itakuwa na mita 3.35 kwa 1.6. Haitaruka yenyewe. Chombo kinachoruka bila rubani kinahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata tukivipata, sitaki kitu cha upana huo kiwe huru juu ya vichwa vya watoto. Itateremka kwenye waya kutoka juu ya mlingoti, imeshikwa mwanzo hadi mwisho.

12 Aprili: Fremu

Imesimama. Boriti za mabawa ni mvinje uliopasuliwa na kupigwa randa, mbavu ni mianzi iliyochanwa na kukunjwa kwa mvuke. Caudron ni ndege rahisi kueleweka ukiwa fundi. Rubani na mtazamaji wanakaa kwenye kibanda kifupi chenye injini mbele, na mkia umeshikwa nyuma na miti minne iliyo wazi. Miti miwili ya chini inafanya kazi mbili: inabeba mkia, na wakati wa kutua inaburuta chini na kuipunguza ndege kasi. Hakuna breki nyingine. Kwa hiyo miti hiyo tumeitengeneza kwa mninga, maana ndiyo itakayosuguliwa.

Magurudumu manne, mawili kila upande, yametoka kwenye vigari vya watoto vilivyotumika. Mbao, mianzi na magurudumu: shilingi 8,200.

24 Mei: Gundi

Tulitaka kukaa karibu na wenyewe wa 1915, kwa hiyo viungo tuliviunga kwa gundi ya ngozi, ile ya kuyeyushwa kwenye maji moto. Aprili ilishika vizuri. Masika yalipokolea, karakana ikawa haikauki usiku wala mchana, na viungo vikaanza kulainika. Ubavu mmoja ukachomoka, siku ya pili mitatu, na tulipolinyanyua bawa la juu kwa ncha zake likajikunja kwenye kiungo cha katikati. Ukikibonyeza kiungo kwa kidole gumba, gundi ilikuwa inanata na kuacha alama.

Mwalimu aliwakusanya wanafunzi pale pale akawasomea habari ya Sopwith za Rufiji. Nimefundishwa mengi shuleni kuhusu vita vile, lakini hakuna kilichonifikisha karibu navyo kama kile kiungo kilicholegea mikononi mwangu.

Dawa: tulivibandua viungo vyote, tukakwangua, tukaviacha vikauke ndani kwa feni, kisha tukaunga upya kwa gundi ya epoksi ya mafundi wa boti. Kila kiungo kimezungushiwa uzi wa pamba na kupakwa gundi juu. Gundi ya kwanza iliyopotea ni shilingi 1,900, ya pili 2,300. Anayefanya kazi hii bara mahali pakavu anaweza kujaribu ya ngozi. Pwani, hasa kati ya Aprili na Juni, asijisumbue.

21 Juni: Kitambaa

Marekani, mita 14, kutoka Biashara Street, shilingi 2,800. Ndege halisi ilivikwa kitani, lakini marekani ni pamba iliyofumwa kwa kubana, na kwa robo kipimo nyuzi zake haziwi nene mno machoni.

Kwanza tulipaka wanga wa muhogo kama dobi anavyofanya. Ulikaza vizuri sana kwa wiki moja, kisha ukaota ukungu wa kijani na kulegea. Tukaufua wote.

Hapo ndipo tulipokwenda kumwona mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyeshona matanga ya majahazi maisha yake yote. Tulimpelekea bawa moja. Alilipitisha mkono mara moja tu, akauliza nani amelivuta kitambaa namna hii.

"Ni sisi, mzee. Tulitaka kisilegee."

"Mmekimaliza nguvu kabla ya kazi, wanangu. Kivisheni tu kikae. Mtakachopaka ndicho kitakachokivuta."

Akatuonyesha kushona kitambaa kwenye kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta: sindano inapita juu ya ubavu, inatoka chini, inazunguka, fundo linakaa ubavuni na si juu, kisha unapiga hatua ya vidole vinne na kurudia. Uzi ukikatika mahali pamoja, mafundo mengine hayafunguki. Mabawa ya ndege za kale yalishonwa kwa njia hiyo hiyo, na mzee wetu hajawahi kushika ndege.

Tuliposhona upya, tulipaka vanishi ya samani, ile ya selulosi, iliyozimuliwa kwa thina. Inapokauka inakivuta kitambaa mpaka kinalia ukikigonga. Angalieni jambo moja: pakeni juu na chini siku moja. Bawa la kushoto lilipakwa juu jioni, upande wake wa chini ukaachwa mpaka asubuhi, nalo likaamka limejipinda kwa upana wa kiganja kwenye ncha. Kwenye Caudron halisi rubani aliipinda ncha ya bawa kwa nyaya makusudi ili ageuke, kwa sababu haikuwa na vibao vya pembeni kama ndege za leo. Yetu ilijipinda upande mmoja na haikurudi. Tuliinyoosha kwa kulowesha thina, kuipigilia kwenye meza iliyonyooka na kupaka tena upande wa pili. Vanishi na thina: shilingi 3,100.

19 Julai: Waya

Hii ndiyo sehemu iliyotuchelewesha, na ndiyo ninayotaka wengine waisome kwa makini.

Mpangilio: mlingoti wa kuazima kutoka kwa wenye majahazi, ndoano ikiwa mita 9 kutoka chini, umeshikwa na kamba tatu. Waya wa chuma wa milimita 6, mita 110 kwa shilingi 14,300, mita 90 kati yake zikiwa njia yenyewe. Upande wa chini waya unapita juu ya farasi wa mbao, yaani kitegemeo chake, wa urefu wa mita 1, kisha unaingia ardhini. Ndege inaning'inia kwa kapi mbili za shilingi 3,600. Uwanja wa majaribio ni wa shule moja Kisauni.

Wazo letu lilikuwa waya ulionyooka kama mstari wa rula. Tuliuvuta kwa winchi ya mkono. Kila tulipoukaza bado ulikuwa na tumbo katikati, na tukaendelea kukaza. Mlingoti ukaanza kuinama, na vigingi vya chini vikang'oka mchangani kwa kishindo. Waya ulipiga ardhi. Hakuna aliyekuwa karibu, kwa sababu mwalimu alikuwa ameshaweka sheria ya kusimama mbali na waya kwa umbali wa urefu wa mlingoti. Shikeni sheria hiyo hiyo.

Siku iliyofuata mwalimu alikuja na daftari. Waya wenye mzigo haunyooki kamwe. Ukitaka tumbo lipungue nusu, mkazo lazima uzidi maradufu, na hauna mwisho. Lakini alituuliza swali jingine: ndege inayotua inashuka kwa mstari ulionyooka? Haishuki hivyo. Inakuja kwa mteremko, na karibu na ardhi rubani anainua pua kidogo, mteremko unalala, magurudumu yanagusa taratibu. Njia ya mzigo kwenye waya uliolegea ni hiyo hiyo: mkali juu, unalala chini. Tulikuwa tunapigana na kitu tulichokihitaji.

Hesabu yake ni fupi. Pima tofauti ya kimo kati ya juu na chini. Kwetu ni mita 8. Ukiulegeza waya mpaka, ndege ikiwa katikati, tumbo liwe robo ya tofauti hiyo, yaani mita 2 chini ya mstari ulionyooka, njia ya ndege itafika mwisho ikiwa karibu imelala sawa na ardhi. Ndege yetu pamoja na kapi ina kilo 12, na mkazo uliohitajika ni wa kama kilo 200 tu. Mlingoti haukulalamika tena. Magurudumu yanagusa kama mita 12 kabla ya farasi, na hapo uzito unahama kutoka kwenye waya kwenda kwenye magurudumu bila kuruka ruka.

Kuhusu vigingi: mchanga wa pwani hauvishiki. Tulizika gogo la mkoko kwenye shimo linalofika kiunoni, limelala kukingama waya, tukashindilia. Halijasogea.

9 Agosti: Kasi na upepo

Mwendo sasa ni mzuri lakini macho yalikataa. Ndege ilikuja mbio, ikaonekana kitu cha kuchezea. Sababu yake inajulikana na wanaotengeneza filamu kwa mifano midogo: kitu cha robo kipimo kikionekana kwa jicho kama kikubwa, kinapaswa kwenda kwa nusu ya kasi ya kile kikubwa, siyo kwa kasi ile ile. Caudron ilikuwa ndege ya polepole, kasi yake ya juu ikiwa kama kilomita 110 kwa saa, na kutua ni chini zaidi. Tulifunga kamba nyembamba mkiani, ikapita kwenye kapi juu ya mlingoti na kurudi chini kwa kijana mwenye glavu za ngozi. Yeye ndiye rubani wetu wa kweli. Anaachia kwa kuhesabu kwa sauti, na amejizoeza mpaka anaweza kuishusha ndege akiwa amefumba macho.

Kisha likaja la kusi. Agosti Kisauni upepo huo hauna mzaha. Tulielekeza ndege uso kwa uso na upepo, kama inavyotakiwa, na upepo ulipozidi mabawa yakaanza kubeba. Katikati ya waya ndege ikawa nyepesi, tumbo la waya likapanda, kapi ya mbele ikaruka juu na kutoka njiani. Ndege ikaning'inia kwa kapi moja, pua chini, ncha ya bawa la kulia ikavunjika mbavu nne. Wanafunzi walinyamaza. Mimi nilifurahi kwa siri, kwani hiyo ilimaanisha tumetengeneza mabawa kweli.

Marekebisho yalikuwa matatu. Kila kapi imefungwa kipini cha chuma chini ya waya ili isiweze kutoka hata ikinyanyuliwa. Mahali pa kuning'inizia pamesogezwa ili pua iiname nyuzi chache, mabawa yakate upepo bila kubeba. Na shina la kapi limerefushwa mpaka nusu mita juu ya bawa la juu, kwa hiyo uzito unakaa chini sana na upepo wa ubavuni hauigeuzi kirahisi. Tulijaribu pia nyaya mbili sambamba ili isiyumbe. Hazikubali kukazwa sawasawa, ndege inalalia upande, tukaziacha.

Injini: hatuweki sauti. Kulikuwa na maoni ya spika na rekodi. Marubani wa wakati ule walizima au kukatiza injini wakati wa kushuka, na mimi napenda watu wasikie kitambaa na nyaya zikikata hewa. Panga la puani, lile la kuvuta ndege, linazungushwa na upepo wenyewe.

30 Agosti: Kufunga safari

Mabawa yamefunguliwa, yamefungwa kwenye magodoro, miti ya mkia pamoja kwenye mkeka. Kila nguzo ina namba ya rangi. Kukodi lori dogo kwenda Maktau na kurudi, mlingoti ukiwa juu: shilingi 22,000, gharama kubwa kuliko zote. Kwa wanaoiga: tafuteni mlingoti huko huko mnakokwenda, mtaokoa karibu nusu. Jumla mpaka sasa, pamoja na kurekebisha mbavu nne (shilingi 600), ni 58,800. Imechangwa na wazazi, mafundi na wenye maduka wawili watatu.

Chifu wa huko ameshaarifiwa na vijana wenyeji. Wamefyeka kipande cha mita 150, wakaokota miiba kwa mikono.

13 Septemba: Maktau

Tuliunga ndege usiku kwa taa. Ardhi ya huko ni nyekundu na ngumu, vigingi vya chuma vilitosha, gogo halikuhitajika. Waya tuliuweka kwenye upepo wa mashariki uliovuma jana yake.

Onyesho lilipangwa saa nne. Mzee mmoja mwenyeji alitushauri tuwahi kabla jua halijapanda, kwa sababu baadaye upepo unakuja kwa vipande na vumbi. Marubani wa kale nao walipenda asubuhi na jioni kwa sababu hiyo hiyo: ardhi ikipata moto, hewa inachemka na ndege inatikisika. Tukasogeza mpaka saa mbili. Wachache walichelewa, na kwao tulirudia.

Chini tuliwapanga vijana kumi wa Taita na Mombasa. Ndege nyepesi ikigusa ardhi upepo unaweza kuipindua, kwa hiyo watu hukimbia kushika ncha za mabawa. Katika picha za vita vile macho huenda kwa rubani. Mimi nilitaka watu wa Maktau waone pia wale waliofyeka, waliobeba mafuta na waliokimbia kushika bawa. Wengi wao walikuwa watu wa nchi hii. Vijana walifanya zoezi hilo kwa bidii kuliko nilivyotarajia, miguu peku.

Ikaachiwa. Ilishuka kwa mteremko, ikalala, gurudumu la kushoto likagusa kwanza na kuinua vumbi dogo, la kulia likafuata, miti ya mninga ikaanza kukwaruza. Vijana walifika kwenye ncha kabla haijasimama. Watu walikuwa kimya mpaka ikasimama kabisa, ndipo vigelegele vya kina mama vikapanda. Bibi mmoja alikuja akagusa kitambaa, akauliza kama kweli watu wazima walipanda kitu cha nguo. Tulimwambia ndiyo, bibi, wawili kwa mpigo, na mmoja wao alikuwa na kazi ya kutazama tu. Akasema huyo wa kutazama ndiye aliyekuwa na moyo.

Marudio yalikuwa na upepo wa ubavuni. Ilitua imeinama, ubavu mmoja wa bawa la chini ukapasuka. Vipini vya kapi vilifanya kazi yake.

20 Septemba: Vilivyobaki

Mlingoti umerudishwa. Waya umepakwa grisi na kuviringishwa, upo Kisauni, na kundi lolote la pwani linaweza kuuazima kwa kuandikiana. Ndege imebaki Maktau kwenye shule moja, chini ya paa, kwa makubaliano kwamba vanishi ipakwe upya kabla ya mvua za Novemba. Miti ya mninga imelika kiasi cha unene wa shilingi. Itatosha kwa miaka kadhaa.

Kitakachofuata, tukipata nguvu, ni Henri Farman, ambayo injini yake iko nyuma ya rubani. Uzito utakuwa nyuma, kwa hiyo mahali pa kapi patahesabiwa upya kuanzia mwanzo. Mwalimu ameshaanza daftari.